Bunge likiondoka, na sisi tunaondolewa: jibu kwa dada wa mapokezi

"Shikamoo. Nina miaka 27, nilisoma chuo hapa hapa Dodoma, sasa nipo mapokezi kwenye hoteli moja mjini. Nina miaka miwili na miezi mitatu. Mkataba ni wa miezi mitatu mitatu, ukiisha tunaletewa mwingine tunasaini, nakala hatupewi. Mshahara ni 300,000. Kipindi cha Bunge naingia saa 12 asubuhi natoka saa 12 jioni, siku sita, mara nyingine saba. Ovataimu hatujawahi kuiona, tunaambiwa 'sisi hapa ni familia'. Bunge la bajeti ndiyo limeisha, nusu yetu tumeambiwa tujiandae kwa likizo isiyo na malipo. Kuna grupu la WhatsApp la kazi, usipojibu usiku asubuhi unasemwa mbele ya wenzako. Mwezi jana mgeni aliondoka bila kulipa, nikakatwa 180,000. Sasa bosi ameleta karatasi tusaini kwamba tunakubali kukatwa hasara yoyote itakayotokea. Mwenzangu wa jikoni aligoma kusaini. Usiku akatolewa kwenye grupu, asubuhi mlinzi akamzuia getini, ni wiki ya tatu sasa. Mimi nimepewa cheo, eti supavaiza wa zamu, mshahara ule ule. Na Rais si alisema mshahara ni 500,000? Mbona sisi hatupati? Nimechoka. Nataka niandike barua ya kuacha kazi kesho nimrushie mezani. Mama anasema nivumilie, kazi hakuna. Nifanye nini?"

Marahaba, binti yangu. Kabla ya yako, naomba tuanze na huyo mwenzako wa jikoni, maana yeye hana muda. Mtu aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu, kuanzia siku aliyoachishwa, kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Wiki ya tatu maana yake zimebaki siku chache. Mpigie leo. Mwambie aende ofisi ya Tume hapa Dodoma, achukue Fomu Na. 1, aijaze, nakala ampelekee mwajiri na abaki na ushahidi kwamba ameipeleka. Asisubiri "bosi atulie". Siku zikipita anaweza kuomba aongezewe muda, lakini atalazimika kueleza kwa nini alichelewa, na kusema "nilidhani ataniita" ni sababu dhaifu sana. Kutolewa kwenye grupu halafu kuzuiwa getini, bila barua, bila kusikilizwa, ni kuachishwa kazi bila utaratibu. Sheria inamtaka mwajiri awe na sababu halali na pia afuate utaratibu wa haki. Hapo sioni hata kimoja.

Sasa turudi kwako.

Nimesoma swali lako mara mbili na naona kuna mambo kama saba yamefungwa kwenye furushi moja. Ndiyo maana unahisi njia pekee ni kulirusha lote mezani. Ukilifungua utakuta mengine ni haki yako wazi kabisa, mengine yanabishaniwa, na moja umekosea wewe.

Nianze na hilo uliloteleza. Mei Mosi ya mwaka 2025, pale Singida, Rais alitangaza kima cha chini kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Hicho ni cha watumishi wa umma. Sekta binafsi ina amri yake ya mishahara, na amri ya sasa ilianza kutumika Januari 1, 2026. Inaenda kwa sekta, na ndani ya sekta ya hoteli kuna madaraja: hoteli ya kitalii, hoteli ya kati, kisha nyumba za wageni, migahawa na baa. Kwa hiyo swali la kumuuliza Afisa Kazi, yule afisa wa serikali anayesimamia sheria za kazi, ni hili: hoteli yetu ipo daraja gani, na kima chake cha sasa ni kiasi gani? Ukiingia ofisini kwa bosi na ile 500,000 mkononi, atakurekebisha dakika ya kwanza, na baada ya hapo hata yale uliyo na haki nayo hatayasikiliza.

Hasira yako kubwa ipo kwenye saa, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi sita. Zinazozidi hapo ni ovataimu. Ovataimu inahitaji makubaliano, isizidi saa 50 katika wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Siku ya mapumziko ya wiki ukiitwa kazini, saa zake ni mara mbili. Na zamu ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki: 300,000 inakuwa kama 69,236. Gawanya kwa 45, saa yako moja ina thamani ya takriban 1,539. Saa ya ovataimu ni kama 2,308. Wewe unafanya saa 12 kwa siku sita, yaani 72. Toa 45, zinabaki 27 za ziada kila wiki. Utaniambia kuna saa moja ya chakula. Ipo, sheria inakupa dakika 60 ukishafanya kazi saa tano mfululizo, lakini kama unakula nyuma ya kaunta huku simu inaita, hiyo si mapumziko, ni kazi. Basi 27 mara 2,308 ni kama 62,300 kwa wiki. Kwa wiki nne ni takriban 249,000, na hapo sijagusa ile siku ya saba.

Umeona? Kipindi cha Bunge unamfanyia bosi kazi ya karibu mishahara miwili kwa mshahara mmoja. Na saa 108 za ziada kwa wiki nne zimepita mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa, kwa hiyo hata angekulipa zote bado angekuwa amevunja sheria.

Hapa nikutahadharishe. Zamu ya saa 12 peke yake si kosa. Sheria inaruhusu mfanyakazi na mwajiri wakubaliane kwa maandishi kubana wiki, mtu afanye hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu, mradi siku za kazi zisizidi tano na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Bosi akija na hoja ya "zamu za saa 12 ni za kawaida hotelini", mjibu kwa kumuuliza: makubaliano ya maandishi yako wapi, na kwa nini nilifanya siku sita?

Halafu hicho cheo. Najua watu walikupongeza. Mimi kilinipa wasiwasi. Vifungu vya saa za kazi havimhusu mfanyakazi anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wapo mabosi wanaolijua hilo, na wapo wanaoliiga tu bila kujua linatoka wapi. Matokeo ni yale yale: siku ukidai ovataimu, unaambiwa "wewe ni uongozi". Kwa bahati nzuri kinachoangaliwa ni kazi unayoifanya kweli, jina la cheo halitoshi. Kama bado unapokea wageni, unaandika risiti na huna mamlaka juu ya mtu yeyote, andika hivyo kwenye daftari lako tangu sasa.

Kuhusu hizo 180,000, sitazunguka. Mwajiri anaweza kukata kwa ajili ya hasara endapo hasara ilitokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, amekueleza kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, na amekupa nafasi ya kupinga. Hata hayo yote yakitimia, makato hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara. Robo ya 300,000 ni 75,000. Wewe umekatwa zaidi ya nusu, bila karatasi, kwa deni la mgeni aliyekwepa. Kosa lako hapo lilikuwa lipi? Kama utaratibu wa hoteli ni kulipa wakati wa kuondoka na mgeni akapita mlango wa nyuma, hiyo ni hasara ya biashara. Kama uliambiwa uchukue malipo kabla ya kutoa ufunguo na hukufanya hivyo, hapo hoja yake inapata nguvu kidogo. Jiulize kwa ukweli, maana msuluhishi atakuuliza.

Ile karatasi ya "hasara yoyote itakayotokea" usiisaini kwa haraka. Ridhaa inayotambuliwa ni ya deni linalojulikana. Huwezi kukubali leo deni la mwezi wa kumi ambalo halijazaliwa, na kwa maoni yangu karatasi ya namna hiyo haifuti masharti niliyokutajia. Ila usiichane wala usigombane. Sema, "Naomba nakala nikaisome nyumbani." Ukibanwa ukasaini, andika kwenye daftari siku hiyo hiyo nani alikubana, maneno gani alitumia na nani alikuwepo.

Sasa niseme kitu kuhusu neno "familia", kwa sababu nalisikia kila wiki, kuanzia kwa vijana wa maduka ya simu hadi kwa wahasibu wenye digrii. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mji huu umejaa vyumba. Vingi vimejengwa kwa mkopo. Aprili hadi Juni wabunge, wasaidizi wao, waandishi na wataalamu wa wizara wanajaza kila kitanda, kuanzia Area C hadi Nzuguni. Julai vinabaki vitupu na benki inaendelea kudai. Hiyo ni shida ya kweli na simcheki mwenye hoteli. Shida ni jinsi anavyoitatua. Wageni wakijaa, faida ni yake. Wakiondoka, pengo linazibwa na mfukoni mwako. Ili jambo hilo lipite bila kelele, linahitaji lugha laini. Kwa ndugu huwezi kudai kwa saa na dakika, ukifanya hivyo unaonekana huna adabu. Na nyuma ya lugha laini kuna fimbo: mji una vyuo vingi, kila mwaka vinatoa wahitimu, na rundo la barua za maombi limewekwa pale mezani makusudi uone. Ndiyo maana unachoka hata siku ambayo hukufanya kazi nyingi. Umeombwa mapenzi ya ndugu na umepewa usalama wa kibarua.

Likizo isiyo na malipo huombwa na mfanyakazi au hukubaliwa naye, haigawiwi kama vipeperushi. Mwajiri ambaye kazi imepungua kweli ana njia yake kisheria: atoe taarifa mapema, aeleze sababu, akae na wafanyakazi kushauriana kabla ya kupunguza watu. Halafu niulize: likizo yako ya mwaka yenye malipo, siku 28, umewahi kuipata? Bosi atasema mikataba yako ni ya miezi mitatu. Sheria iliona ujanja huo mapema. Ukimfanyia mwajiri yule yule kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na jumla ikapita miezi sita, unastahili likizo. Na ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki unawaacha nje wenye chini ya miezi sita tu, iwe kwa mkataba mmoja au mingi. Yako ni miezi 27. Kusaini karatasi mpya hakukurudishi kuwa mgeni.

Akikataa kukuongezea mkataba itakuwaje? Hapo sitakupa uhakika usiokuwepo. Unaweza kudai ulikuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa, na kuongezewa mfululizo huko nyuma ni moja ya vitu vinavyotazamwa, pamoja na ahadi za mwajiri. Ila ni juu yako kuonyesha msingi wa matarajio hayo, na kesi za namna hii si rahisi. Kama aliwahi kuandika "mwezi wa tisa tutakuwa wote", tafuta hiyo meseji.

Kuhusu nakala ya mkataba usiyopewa, usilie sana. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi, na mgogoro ukifika mbele ya chombo cha sheria akashindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha au kupinga sharti unalodai unakuwa wake. Wengi hawalijui hili na hukata tamaa mlangoni.

Ushahidi wako mkubwa, utashangaa, ni lile grupu unalolichukia. Sheria yetu ni ya 2004, WhatsApp ilikuja 2009, kwa hiyo usitafute humo kifungu cha meseji za saa 5 usiku. Lakini kila ratiba ya zamu iliyowekwa mle, kila "njoo kesho hata kama ni siku yako ya kupumzika", ina tarehe na saa. Usijitoe, usifute. Hifadhi mazungumzo nje ya simu yako, maana uliona mwenzako alivyotolewa usiku mmoja. Ongeza daftari dogo: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani alikuwa zamu. Daftari la wageni usilipige picha. Lina majina na namba za watu, ni taarifa binafsi zinazolindwa kisheria, na utampa bosi kosa la kukufukuzia ambalo sasa hivi hana.

Tuje kwenye barua ya kesho.

Nakuomba usiirushe, na sababu yangu si ile ya mama. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuacha kazi kwa kuwa mwajiri ameifanya isivumilike, na hilo likahesabika kuwa ameachishwa. Lakini utaangaliwa kama ulitumia kwanza njia zilizopo za kulalamika, isipokuwa uwe na sababu nzuri ya kutozitumia. Ukiondoka kesho kwa mstari mmoja wa "naacha kazi kwa sababu binafsi", umeifunga kesi yako kwa mkono wako. Malipo ya siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi nayo huenda kwa aliyeachishwa na mwajiri, aliyejiondolea mwenyewe hayamhusu. Na ukiondoka bila notisi, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, bosi ndiye atakayekudai.

Ya kwanza iwe barua ya malalamiko. Ukurasa mmoja, bila matusi, bila neno "unyonyaji" hata kama ni la kweli. Saa za ziada na hesabu yake, makato ya 180,000, likizo isiyo na malipo, unaomba majibu ndani ya siku saba. Mwombe anayeipokea asaini nakala yako. Akikataa, itume pia kwa namba yake ya simu. Kama wenzako wawili watatu wako tayari, sainini pamoja, kwa sababu mmoja hutolewa kwenye grupu kwa urahisi kuliko watano. Kuna CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachowagusa watu wa hoteli, na kujiunga ni haki ambayo mwajiri haruhusiwi kukuadhibu kwayo. Ataudhika? Ataudhika. Inawezekana akakutafutia sababu. Nisingekuwa mkweli nikikuambia barua haina hatari, kwa hiyo kabla ya kuipeleka uwe na nauli na chakula cha mwezi mmoja au miwili, na uanze kutafuta kazi kwingine kimya kimya. Hapo mama yako ana akili, msikilize.

Asipojibu ndani ya hizo siku saba, usikae ukihesabu miezi. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60 za kupelekwa Tume, tangu mgogoro ulipotokea. Ovataimu za Mei na Juni zipo karibu, za Bunge la mwaka juzi zitakupa kazi. Tume huanza na usuluhishi, mnakaa mezani na msuluhishi kwa muda usiozidi siku 30, na madai mengi ya namna yako huishia hapo kwa bosi kutoa sehemu ya fedha. Pengine si zote. Huhitaji wakili, unaweza kwenda na mwakilishi wa chama au mtu unayemwamini. Mshindwe kuelewana, ndipo linaenda kwenye uamuzi, na huko inaweza kuchukua muda.

Kwa Afisa Kazi unaweza kwenda hata kabla ya hapo, kuuliza daraja la hoteli na kueleza saa zenu. Pita pia NSSF uangalie kama michango inaingia kweli. Jumla ni asilimia 20, na wewe hutakiwi kukatwa zaidi ya 10.

Yapo mambo ambayo ukiyaona usiniandikie tena, nenda kwa mtu ana kwa ana siku hiyo hiyo: ukitishiwa polisi kwa ajili ya deni la mgeni, ukiletewa barua ya kujiuzulu iliyokwisha kuchapwa uisaini, au kama "cheo" kimeanza kuja na maombi ya faragha kutoka kwa yeyote hapo kazini. Na kama usiku wa mapumziko nao hulali, moyo unakwenda mbio kila simu ikilia, pita hospitali, uchovu wa namna hiyo una tiba yake. Ukienda Tume au kwa Afisa Kazi, beba kitambulisho, daftari, taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha mshahara ulivyoingia mwezi ule wa makato, na nakala ya barua yenye saini ya mapokezi. Mapema asubuhi ni afadhali, kabla foleni haijawa ndefu.